Amen Yangu Ilikuwa ya Kwanza

Mimi ni mtu wa kujibu upesi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu katika grupu la kanisa letu la Birmingham, na nilijivunia sifa hiyo kama mwingine anavyojivunia chapati zake. Grupu lina watu mia na ushee, nusu Wakenya, nusu Wakongomani, na Watanzania watatu ambao kazi yao ni kulalamika kwamba sisi wengine hatujui Kiswahili. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri simu inalia: mstari wa Biblia, picha ya maua yenye maneno ya baraka, mtoto wa fulani amefaulu mtihani, mama wa fulani amelazwa Kisii. Kila ujumbe unadai Amen. Ukisoma ukanyamaza, unaonekana. Katibu wa akina mama aliwahi kusimama mbele Jumapili akasema kuna watu humu ni watazamaji tu, wako kwenye grupu kama wako sinema. Watu wakageuka kunitazama, na mimi nilikuwa nimenyamaza wiki moja tu kwa sababu simu yangu ilikuwa imeanguka kwenye maji ya kumwogeshea bibi mmoja.

Tangu siku hiyo nikaapa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Naingia nyumba moja natoka naingia nyingine, Perry Barr hadi Lozells, nusu saa hapa, dakika arobaini na tano kule. Naosha, nalisha, natoa dawa, halafu naandika kwenye simu ya kazi kwamba nimeosha, nimelisha, nimetoa dawa. Kati ya nyumba na nyumba kuna kituo cha basi, na hapo ndipo nilipokuwa nikijibu. Kidole kimoja tu: Amen, Amen, mikono miwili ya kuomba, Amen. Ujumbe wa sauti nilisikiliza sekunde tano za mwanzo, nikishajua ni maombi, basi, Amen, naupita. Siku moja niliitikia Amen kwa tangazo kwamba viti vya kanisa vimeibwa. Walinicheka wiki nzima na mimi nikacheka pamoja nao. Ningejifunza hapo, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Kanisani kwetu kulikuwa na mzee tuliyemwita Papa, jinsi Wakongomani wanavyowaita wanaume wa umri wake, na sisi Wakenya tukaiga. Alitoka upande wa Bukavu, akakaa kambini miaka mingi, akafika Birmingham na mkewe, binti mmoja na kifua kinachokohoa tangu Septemba hadi Mei. Siku za wiki aliendesha basi dogo la kuwapeleka shule watoto wenye ulemavu. Jumamosi alichukua gari la kanisa akazunguka mlango kwa mlango kukusanya watoto wa kwaya, kwa sababu sisi mama zao tuko kazini. Tulimtegemea kama unavyotegemea bomba la maji, yaani hatukumfikiria mpaka siku amechelewa. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa mmoja wa abiria wake.

Kwake Lozells alikaa na mkewe, binti yake, na wajukuu wawili, mmoja wa miaka mitano na mmoja wa mitatu. Mama yao alikuwa na zamu za usiku hospitalini, na bibi yao miguu ilikuwa inamsumbua. Papa ndiye aliyewaogesha, akawalisha, akawalaza. Ukimpigia simu jioni husikii neno, kwa kelele za watoto waliompanda mgongoni.

Ujumbe ulikuja Jumanne asubuhi. Nilikuwa kituoni, kuna mvua ya manyunyu, ubao unasema basi litafika baada ya dakika mbili. Aliyeutuma alikuwa mama mmoja Mkenya, nesi, mwenye binti wa miaka sita katika kwaya. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa dakika sita na kitu. Ulianza hivi: “Bwana asifiwe, wapendwa. Nakuja mbele yenu na moyo mzito. Please simameni na mimi in prayer kwa ajili ya watoto wetu.”

Nani atakataa kuombea watoto? Nikabonyeza Amen. Ilikuwa ya kwanza. Nikaona nyingine zikiingia chini yake, na moyoni nikafurahi kidogo, nakiri, kwamba leo nimewatangulia wote. Basi likafika nikapanda.

Saa sita mchana rafiki yangu mmoja Mtanzania akanipigia. “Yaani siamini,” akasema. “Papa? Papa huyuhuyu wetu?” Nikamuuliza Papa amefanyaje, nikidhani amekufa. Akaniuliza kama nimesikiliza ule ujumbe. Nikasema ndiyo. Halafu nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za nyumba ya mteja wangu nikausikiliza wote.

Yule nesi alisema binti yake alirudi Jumamosi amevaa sweta ya mwanamume mzima. Gauni lake lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, limeloa. Mtoto ameulizwa, hasemi kitu, analia tu. Yeye kama mama hamhukumu mtu, hukumu ni ya Bwana, lakini tujue kwamba siku hizi shetani anaendesha gari na anajua kuimba tenzi. “Simtaji mtu,” akasema, na kweli hakumtaja. Katika kanisa letu anayewaendesha watoto ni mmoja. Hata mtoto wa chekechea angemjua.

Nilihesabu walioitikia. Tulikuwa sitini na wanne, mimi juu kabisa. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Wengine walikuwa wameongeza chumvi: Amen, kila lililofichwa lifunuliwe. Amen, moto ushuke. Nawajua watu hao. Ni watu wazuri, ni watu wa vituo vya basi kama mimi. Na katikati ya orodha, ya kumi na saba, palikuwa na Amen ya Papa mwenyewe. Alikuwa ameegesha basi nje ya shule akiwasubiri watoto, akaona wenzake wanaombea, naye akaombea.

Jioni nilimkalisha binti yangu mezani. Yeye anaelewa Kiswahili chote lakini hunijibu kwa Kiingereza, na siku hiyo sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikamuuliza kulitokea nini garini Jumamosi.

“Oh, she was sick, Mum. Like, everywhere. Ilifika hadi kwa shoe yangu.”

Mtoto alitapika. Hayo ndiyo yaliyotokea. Papa alisimamisha gari kituo cha mafuta, akavua sweta yake, akampa msichana mkubwa wa kwaya, wa miaka kumi na mitatu, akamwambia ampeleke mdogo chooni ambadilishe. Papa akabaki nje. Binti yangu alikumbuka vizuri kwa sababu alikuwa ameshika mabegi yao yote, na walikuwa wanaimba ili mwenzao asilie.

“Na mbona hukuniambia?”

“You were asleep.”

Ni kweli. Jumamosi nikitoka zamu nalala na viatu.

Basi nikafikiri nina dawa. Mwanangu alikuwepo, kaona, kasema. Kwanza nikaifuta ile Amen yangu, maana ilikuwa inaniwasha. Sikujua kwamba ukifuta hubaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Haikupita dakika tano, katibu wa akina mama akapiga simu.

“Dada, mbona umefuta? Kuna mtu amekutisha?”

“Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa sijasikiliza.”

“Si ulikuwa wa kwanza?”

“Nilikuwa wa kwanza, lakini sikusikiliza.”

Akashusha sauti. “Dada, usiogope. Tuko na wewe. Mambo ya watoto si ya kuchezea.”

Nikaona afadhali niandike grupu zima. Niliandika ukurasa, nikaeleza matapishi, kituo cha mafuta, msichana mkubwa, mabegi. Nikaomba kila mtu aulize mtoto wake. Nikatuma, nikakaa nikiitazama simu kama mtu aliyepanda mbegu na anataka izae hapohapo. Wa kwanza kujibu aliandika: Tusitetee watu, tumwachie Mungu. Wa pili akasema: Kumbe na wako alikuwa ndani ya gari hilo? Pole sana, mama. Umempeleka kuchunguzwa? Wa tatu, wa nne na wa tano wakaandika pole. Kufikia saa mbili nilikuwa nimempeleka shahidi wangu wa pekee, mwanangu mwenyewe, na wao wamemgeuza mwathirika wa pili. Nilitupa simu kwenye kochi nikatukana matusi ambayo mama yangu asingeamini nayajua.

Kesho yake picha za ile orodha ya Amen, zilizopigwa kabla sijafuta yangu, zilikuwa zimeshatoka nje ya grupu. Nani alizipiga, mpaka leo sijui, na waliokana wote walikana kwa jina la Yesu. Yuko mama mmoja, Mkenya, anaishi mji mwingine huku Uingereza, ambaye kila jioni hukaa laivu mbele ya simu yake amejipaka vizuri, akachambua aibu za watu. Wafuasi wake ni maelfu. Alimpata Papa kwenye picha ya sherehe yetu ya Krismasi, amevaa sweta, watoto wamemzunguka. Akaiweka hiyo picha nyuma yake. Halafu akasoma majina.

“Hawa si watu wa mtaani,” alisema. “Hawa ni watu wa kanisa lake, wanamjua, sixty-four witnesses.” Akaanza na jina langu. Alilitamka vizuri sana. Alipofika la kumi na saba akacheka hadi akajifuta machozi. “Hata yeye mwenyewe ameitikia! Ona unafiki!”

Papa hakuwa ameulizwa chochote na mtu yeyote, na tayari alikuwa na mashahidi sitini na wanne, yeye akiwa mmoja wao.

Mtu alituma video hiyo kazini kwake. Wakamwambia akae nyumbani kwanza. Halafu wakaja maofisa wa ustawi wa watoto, watu wawili wapole wenye mikoba. Sina ubaya nao, wanafanya kazi inayopaswa kufanywa, na kama Papa angekuwa kweli mtu mbaya ningewashukuru. Wakasema mpaka uchunguzi uishe haitafaa alale nyumba moja na watoto wadogo. Ndiyo hivyo, kwa sababu ya sweta, mtu aliyekuwa anawalaza wajukuu wake kila jioni akatoka na sanduku moja akaenda kupanga chumba Shard End, mwisho kabisa wa jiji, ambako hamjui hata muuza duka.

Nilikwenda kwa yule nesi aliyetuma ujumbe. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimeshapanga na maneno. Alinifungulia mlango amevaa sare ya kazi, macho yamevimba. Mumewe yuko Kenya, alikuwa ameona laivu, na alikuwa amempigia kumuuliza yeye ni mama wa namna gani anayempakia mtoto kwenye gari la wanaume. Vita vyangu vikaisha palepale.

“Mimi sikumshtaki mtu,” akasema. “Niliomba maombi.”

“Mtoto amekwambia nini?”

Akaangalia sakafu. “Aliniambia alitapika. Aliniambia Jumanne hiyohiyo, jioni. Aliogopa nitamgombeza juu ya gauni.”

“Sasa mbona hukusema kwa grupu?”

“Ningesema nini, dada? Watu walikuwa wameshaomba.”

Nilimkasirikia na nilimwelewa, vyote pamoja, na nashindwa kusema ni kipi kilikuwa kikubwa. Alikuwa amewaeleza maofisa ukweli wote. Waliandika, wakamshukuru, wakasema uchunguzi ukianza lazima ufike mwisho wake. Hakukuwa na shtaka la kuondoa, maana hakuna aliyeshtaki. Kulikuwa na sala tu, na watu walioiitikia. Ungemwendea nani ukamwambia aifute?

Mimi pia niliwapigia simu maofisa wale kujitolea kueleza. Nilipewa miadi na mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole. Akasikiliza yote, habari za sweta na za mabegi. Mwisho akafungua karatasi zake.

“Wewe ndiye uliyejibu wa kwanza,” aliniambia kwa Kiingereza chake. “Ulikuwa unakubaliana na nini?”

Nilijaribu kumweleza Amen ya kituo cha basi ni kitu gani. Nikamwambia kwetu kunyamaza ni utovu wa adabu, kwamba Amen ni kama kuitika “naam” ukiitwa, unaitika kabla hujajua unaitiwa nini. Alitikisa kichwa kwa huruma ya kikazi, ile ninayoijua maana na mimi huwapa wazee wangu.

“Kwa hiyo ulithibitisha kitu ambacho hukukisikiliza?”

Nikasema ndiyo. Akaandika.

Nilikwenda Shard End mara moja tu, na naona aibu kusema ni mara moja. Nilibeba chapati na maharagwe. Chumbani mlikuwa na kiti kimoja, akanikalisha mimi, yeye akakaa kitandani. Alikuwa amekonda. Nilianza kuomba msamaha, nikalia, nikaomba tena. Alinisubiri nimalize, kwa adabu, kama anayengojea taa ibadilike.

“Mama, mi niliona jina yako ya kwanza,” akasema. “Nikasema, bon, kama huyu ameitika, ni maombi muzuri. Na mi nikaitika.”

“Papa, sikusikiliza.”

“Najua. Hata mi sikusikia.” Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. “Donc tuko sawa.”

Hatukuwa sawa, na wote wawili tulijua. Mimi nilipanda mabasi mawili nikarudi kwa mwanangu. Yeye alikuwa anaruhusiwa kuwaona wajukuu Jumapili saa nane mchana kwa saa moja, mama yao akiwepo. Aliniambia mdogo siku hizi hamwiti babu, anasimama kwanza akamtazama mama yake.

Uchunguzi ulichukua miezi saba. Mwishoni ilikuja barua, karatasi moja, kusema hakuna hatua zaidi zitakazochukuliwa. Niliisoma mara tatu nikitafuta neno hana hatia, sikuliona. Labda barua za namna hiyo hazina neno hilo. Katibu wa akina mama alitangaza kanisani kwamba jambo lile limekwisha, tumshukuru Mungu. Niliandika kwenye grupu kwamba Papa ameonekana hana kosa, kwa maandishi. Wakajibu tisa. Yule wa laivu nilimwandikia, nikamwandikia tena, na mara ya tatu akanifungia. Video yake iko mpaka leo. Ukiandika jina la mzee yule, ndiyo ya kwanza kutokea.

Papa alirudi nyumbani Lozells. Kazi ya basi hakurudishiwa. Waliongea naye vizuri, wakasema kwa sasa hakuna njia inayomfaa. Gari la kanisa linaendeshwa na vijana wawili kwa pamoja, mmoja usukani, mmoja wa kumtazama mwenziwe.

Nilimpa wiki mbili atulie. Kisha Jumamosi moja mchana nikaenda kwake na binti yangu, tumeshika mfuko wa machungwa. Nilikuwa na jambo moja la kusema: kwamba namtaka Papa awe anampeleka mwanangu kwaya, yeye peke yake, kwa gari lake mwenyewe, na kila mtu aone. Nilijua halirudishi miezi saba. Nilitaka tu pawe na mtu mmoja aliyesema hadharani.

Mkewe alikuwa juu, anasali. Papa alitufungulia, akanisalimia, akampa binti yangu salamu kwa mbali, kwa kuinua kichwa. Zamani alikuwa anamvuta masikio. Tukakaa sebuleni. Milango yote ya nyumba ilikuwa wazi, hata wa choo, na mlango wa mbele hakuufunga nyuma yetu ingawa kulikuwa na baridi. Nilisema maneno yangu. Alisikiliza hadi mwisho.

“Aksanti, mama,” akasema. “Apana.”

Nilikuwa nafungua mdomo kumbembeleza, mjukuu mdogo akaja mbio kutoka jikoni na soksi miguuni, akateleza, akaanguka kwa paji la uso mbele ya kiti cha babu yake. Mlio wake ulikuwa ule wa mtoto aliyeumia kweli. Akageuka, pua inatoka damu kidogo, akainua mikono yote miwili kwa babu yake abebwe.

Papa alisimama. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka mgongo ukagusa ukuta, mikono ameiinua usawa wa mabega, viganja vikitutazama.

“Mama, kuya!” akaita kuelekea juu. “Mutoto ameanguka! Kuya mbio!”

Miguu ya mkewe haiwezi mbio. Tulimsikia akianza kushuka, ngazi moja, kimya, ngazi nyingine. Mtoto alikuwa bado ameinua mikono, analia, hajui kwa nini haokotwi. Nikapiga magoti nikamchukua mimi. Hakunitaka. Alijipinda mikononi mwangu akimtafuta babu yake.

Papa hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa ananitazama mimi, mikono bado iko juu.

“Umeona, mama?” akasema. “Wewe ni shahidi. Sikumugusa.”